Makarani wa Kushuka Mara Nne

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengine walistahili, lakini hakuna niliowadharau kwa bidii kama makarani wa ofisi yetu ya kuandikisha wakimbizi kule Ngara. Walikuwa sita. Kila mmoja aliketi mbele ya kompyuta yake tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna hata mmoja aliyejua kompyuta ni kitu gani. Mimi nilikuwa fundi wao. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha miezi tisa nilichokifuata Mwanza, na kichwa kimenivimba hata sijui nilikuwa napita vipi mlangoni.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya wakimbizi. Wanyarwanda walikuwa wameondoka zamani, na Benaco, iliyokuwa kambi yao, ilibaki njia panda ya malori na mishikaki. Waliobaki kambini kwetu walikuwa Warundi, nao walishaanza kurudi kwao. Kila Alhamisi malori yalijipanga, na hakuna aliyepanda bila jina lake kusomwa kwenye orodha iliyotoka ofisini kwetu. Kadi ya familia ndiyo iliyosema nani ni wa nani. Mtoto ambaye kadi haikumuunganisha na mtu mzima alihesabiwa hana mtu, akapakiwa kwenye basi dogo la watoto wasio na ndugu na kupelekwa kituoni ng'ambo ya mpaka, huko atafutiwe ukoo. Kwa hiyo wale sita niliowacheka ndio walioshika kalamu ya nani aende na nani.

Karani mkuu alikuwa mama mmoja wa Kihangaza, wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole, ambaye Jumamosi alifundisha watoto katekisimu parokiani. Kompyuta zilipoletwa mara ya kwanza, kabla sijaajiriwa, alikuja mwalimu kutoka mjini akafundisha siku mbili akaenda zake. Makarani wakabaki wanaziangalia mashine, mashine zinawaangalia. Mama ndiye aliyewaokoa, na aliwaokoa kwa njia pekee aliyoijua, yaani maswali na majibu ya kukariri.

Nilipoanza kazi niliwakuta asubuhi moja wakimpokea karani mpya. Mama amesimama, mgeni ameketi kafumba macho.

"Unaanzia wapi?"

"Naanzia kona ya chini, mkono wa kushoto."

"Unafanya nini?"

"Nabonyeza mara moja, nangoja."

"Unashuka mara ngapi?"

"Nashuka mara nne."

"Halafu?"

"Nakwenda kulia, nashuka mara mbili, nabonyeza, namwona mtu."

Kumwona mtu maana yake daftari la wakimbizi limefunguka. Mgeni hakuruhusiwa kushika mausi mpaka ayaseme yote bila kukwama. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilivyoona mimi, hawa hawakuwa wakitumia kompyuta hata kidogo, walikuwa wakisali tu mbele yake.

Siku moja nilifanya utundu. Nilikihamisha kile kipicha cha kona ya chini walichoanzia, kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mashine ya mwalimu mstaafu, mzee wa Kiislamu wa Biharamulo, mwenye kofia safi na kalamu tatu mfukoni, kisha nikaenda zangu Nyakahura sokoni kununua samaki. Niliporudi saa nane nilimkuta ameketi, mikono mapajani. Alikuwa ameketi hivyo tangu saa tatu. Kipicha kilikuwa pale pale mbele yake, kwenye kioo, kwa umbali wa kidole.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Mashine imeharibika, fundi. Daftari limeibiwa."

Kisa hicho nilikisimulia kila mahali. Nilikisimulia hata mbele ya wanangu baadaye, na nilikuwa napenda sana pale pa mikono mapajani.

Basi, makao makuu ya shirika wakaleta mfumo mpya. Kila kompyuta ina programu moja kuu inayoiamsha na kuziendesha nyingine zote, ndiyo wataalamu wanaiita mfumo endeshi. Ule wa zamani, ambao nchi nzima waliujua kiasi cha kudhani ndio kompyuta yenyewe, kwetu ulikuwa wa kunakiliwa, nakala ya nakala, umejaa virusi. Kila flashi iliyoingia ilikuja na ugonjwa wake. Huu mpya ulikuwa wa bure, mwepesi, na virusi haukuvijua. Niliupenda kama mtu anavyopenda pikipiki yake ya kwanza. Nililihamisha daftari lote la wakimbizi, jina kwa jina, kwenye mashine tano kati ya sita, na ya sita, iliyokuwa kongwe kuliko zote, nikaamuru itupwe stoo. Badala yake ikaja mashine mpya.

Niliwaita makarani kwenye semina. Nilisema saa mbili nzima. Nilieleza usalama, nilieleza kasi, nilieleza uhuru wa mtumiaji, na kila nilipotua walinipigia makofi. Nilidhani nimewagusa. Kumbe walikuwa wakinivika kilemba cha ukoka, wapate kwenda kula. Mwishoni mwalimu mstaafu akanyoosha mkono.

"Tunashukuru sana, fundi. Sasa katika huu, tunashuka mara ngapi?"

"Hapa hamhesabu, mwalimu. Hapa mnasoma kilichoandikwa."

"Kimeandikwa Kizungu."

"Hata cha zamani kiliandikwa Kizungu!"

"Cha zamani hatukuwa tukikisoma," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa, wameridhika kabisa na jibu lile.

Jumatatu wakaanza. Watu walikuwa wamejaa nje tangu saa moja. Mama akaketi, akavuta pumzi, midomo ikaanza kucheza. Kona ya chini, kushoto. Bonyeza. Ngoja. Shuka mara nne. Katika mfumo mpya, mahali pa nne palikuwa ni pa kuzima mashine. Ikazima. Akatazama kulia, akamwona mwenzake naye amezima. Kufumba na kufumbua mashine zote sita zilikuwa nyeusi, na watu wazima sita wamekaa mbele yake wakinitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Mbele ya meza ya mama asubuhi ile alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kirundi, mwembamba, ananuka moshi, ameshika mkono wa mjukuu wake wa kike wa miaka saba hivi. Binti yake, mama wa yule mtoto, alikuwa amefia kambini. Mtoto alikuwa kwenye kadi ya marehemu, na sasa bibi alitaka aingizwe kwenye kadi yake ili warudi pamoja. Alikuwa hataki kingine. Kuunganisha kadi kulikuwa na hatua nyingi kuliko kazi zote, na mama alipojaribu alizima mashine mara tatu. Akamwambia bibi aje kesho. Kesho yake akaja, akasalimia kila karani kwa zamu, mmoja mmoja, na pia hakufanikiwa.

Nilimwita mama pembeni.

"Mama, shikamoo. Kwani kusoma maneno manne kuna ugumu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuajiriwa kujua kompyuta. Niliajiriwa kuandika watu. Mtu amekaa mbele yangu analia, nitamwambiaje angoje kwanza nitafute pa kubonyeza?"

"Ungejifunza, usingetafuta."

"Mkono ulishajifunza. Wewe ndiye umeuhamishia nyumba."

Niliandika kwenye ripoti kwamba watumishi ni wagumu kubadilika. Ni sentensi niliyoipenda. Baadaye nimeikuta kwenye ripoti za watu wengi, na kila ninapoikuta namjua aliyeiandika.

Nilikuwa na nadharia yangu kuhusu watu kung'ang'ania mfumo waliouzoea. Niliwaona kila mahali. Mwenye steshenari Nyakahura, watu wa Biharamulo mjini, hata padre, wote waliutumia ule wa zamani, na wote walilalamika unaganda, unakula kazi zao, unaleta virusi. Ukiwaambia kuna mwingine, wanakutazama kama umewaambia wabadilishe dini. Nilimuuliza mwenye steshenari kwa nini. Akasema, "Huu ukinikwamia, namwita yeyote apitaye barabarani. Huo wako ukinikwamia, nimwite nani?" Nikamjibu, "Niite mimi." Akaniuliza nakaa wapi. Nikasema Ngara. Akacheka, akaendelea kutoa kopi. Niliondoka nikijisemea kwamba watu wanapenda ujinga ilimradi una majirani. Kwamba jibu lake lilikuwa la akili kuliko semina yangu nzima, hilo halikunipitia kichwani. Lingepita wapi, na palivyojaa.

Wiki ya pili mambo yakatulia. Foleni ikaanza kwenda. Yule bibi alikuja mara ya tatu, na safari hii mama aliingia ndani na karatasi zake, akakaa kidogo, akatoka akamwambia tayari, mtoto ni wako kwenye kadi. Bibi akapiga makofi polepole kwa mikono yote miwili, akaniinamia hata mimi. Nilipokea ile heshima kwa moyo mweupe, nikijua mfumo wangu ndio uliofanya kazi. Jioni ile niliandika makao makuu kwamba ofisi nzima imehamia. Wakanijibu kwa sifa, na mkuu wa ofisi akanidokeza kwamba Mwanza wanatafuta fundi mkuu.

Ijumaa ya wiki ya tatu, mchana, makarani wamekwenda kantini kula, niliingia stoo kutafuta waya. Nyuma ya marundo ya mablanketi nikaona kitambaa cha kufuma, cheupe, cha maua, kile ambacho akina mama hufunikia viti sebuleni. Nikakifunua. Ilikuwa ile mashine kongwe niliyoamuru itupwe. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto.

Nilielewa papo hapo. Kazi nyepesi walizifanya mezani, mbele yangu, kunifurahisha. Kazi ngumu, hasa kuunganisha kadi, walizileta huku kwa zamu, wakaketi juu ya blanketi, wakafumba macho na kushuka mara nne. Wiki tatu nzima walikuwa wakinitabasamia asubuhi na kunila kisogo stoo. Hasira iliyonishika sikuwahi kuipata hata kwa mtu aliyenitukana. Sikuwaza wakimbizi. Niliwaza barua yangu ya makao makuu, na Mwanza.

Nikachukua diski ya mfumo mpya, nikaiingiza. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, kwa sababu kila kilichomo kitafutika. Nikabonyeza ndiyo. Sikufungua kuangalia kilichomo. Daftari si nililihamisha zamani? Hawa wangekuwa na nini cha maana? Baada ya dakika arobaini ilikuwa safi, na nikakirudisha kitambaa juu yake vile vile, ili Jumatatu wapate haya. Kesho yake, Jumamosi, nilitoa orodha ya safari ya Alhamisi mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya mama, kutoka kwenye mfumo wangu, na mkuu akaituma ng'ambo ya mpaka.

Jumatatu mama alitoka stoo uso umemshuka. Alinijia taratibu.

"Uliifungua kwanza ukaangalia?"

"Niangalie nini, mama?"

"Watu."

Akaketi kwenye kiti cha wageni, akaanza kuwataja waliounganishwa mle ndani, familia kwa familia, kwa vidole. Aliwakumbuka wote. Wengi walikuwa wa safari za baadaye na makaratasi yao yalikuwepo, angewaandika upya. Waliokuwa wa Alhamisi hii walikuwa wawili tu, yule bibi na mjukuu wake. Kwenye orodha niliyoituma, bibi alikuwa lori namba sita, peke yake, na mtoto alikuwa basi la watoto wasio na mtu.

"Orodha ikishavuka, mkuu peke yake ndiye anayeweza kuirudisha," mama akasema. "Nenda umwambie, mwanangu. Wewe atakusikia. Mimi ataniuliza kwa nini nilificha mashine, na mpaka nimalize kujieleza, Alhamisi imefika."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo."

Mlango wa mkuu ulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye meza yangu. Nilikwenda mpaka pale. Alikuwa amefurahi, akaniita ndani kabla sijabisha hodi, akanisomea barua kutoka Mwanza. Ningemwambia nini? Kwamba ile ripoti ya ofisi nzima kuhamia ilikuwa uongo, na nimefuta kazi ya watu bila kuangalia? Nikashukuru, nikatoka. Nikajiambia Jumanne. Jumanne alikuwa na wageni, na nilifurahi kwamba ana wageni. Jumatano mama aliniuliza, nikamwambia nimeshamwambia, analishughulikia. Akasema Mungu akubariki. Alikuwa na haki ya kuniamini, kwa sababu ni jambo ambalo hata mtu mbaya kiasi angelifanya.

Alhamisi asubuhi kipaza sauti kikasoma majina. Afisa mwenye orodha alimshika mtoto mkono akampeleka kwenye basi dogo, na mtoto akaenda, kwa kuwa watoto wa kambini wamezoea kupelekwa. Bibi alikuwa foleni ya lori la sita, amewekewa alama ya chaki begani, akidhani mjukuu ataletwa. Basi dogo ndilo lililotangulia kuondoka kuelekea mpakani Kabanga. Mama alikimbia, na alivyokuwa mnene ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akikimbia. Alifika vumbi limeshatua.

Alirudi ofisini, akaketi kwenye meza yake, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Wengine wote walikuwa bado kwenye malori. Ndipo bibi akaingia. Alikuwa ameshuka lori, chaki ingali begani, ameshika kifurushi kidogo cha nguo za mtoto. Alisimama mbele yangu kwa sababu ndimi niliyekuwa wa kwanza, akasema Kirundi, nami ni Msubi wa Bisibo, lugha zetu ni jirani, Kirundi nakisikia bila kutafsiriwa.

"Nani aliyemtoa mtoto kwenye kadi yangu?"

Nilikuwa nimewaambia watu miezi yote ile kwamba katika ofisi ile hakuna anayezijua mashine isipokuwa mimi. Nilikuwa nimemwambia mkuu, nimemwambia mwenye steshenari, nimewaambia makarani wenyewe usoni. Nikamtazama bibi kwa macho makavu.

"Mimi ni fundi wa umeme tu, bibi," nikasema. "Wanaoandika ni hao. Muulize mama pale."

Mama aliinua kichwa. Nilidhani atasema. Nilikuwa nimejiandaa hata kubisha. Akasimama, akajifuta uso kwa kanga, akasema kwa Kihangaza, ambacho Mrundi hukielewa, "Ni mimi, mama. Njoo uketi."

Bibi hakupiga kelele. Alikiweka kifurushi juu ya meza ya mama, akakifungua, akatoa kitu kimoja kimoja. Gauni la njano. Sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Kikombe cha plastiki. Chupi mbili zilizofuliwa na kukunjwa vizuri. Kila alipotoa kimoja alimuuliza mama, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Hiki nani atampa?" Na mama kila mara alijibu, "Nisamehe." Hakugeuka kunitazama hata mara moja.

Nilisema naenda kuangalia jenereta. Nilisimama kando yake mpaka malori yote yalipoondoka, nikifungua kifuniko na kukifunga. Haikuwa na tatizo lolote.